Kabla ya Kununua Programu ya Hospitali



Muuzaji akituletea programu ya kumbukumbu za wagonjwa, Shinyanga au Geita, tumwulize kwanza: imejengwa juu ya nini?

Baadhi ya hospitali za KKKT zimetumia Care2x, programu huria yenye leseni ya GPL. Toleo la 2 la leseni hiyo, la mwaka 1991, halikatazi kuuza. Mtu aweza kuiboresha na kudai bei yake. Lakini akitukabidhi nakala, sharti atupe na msimbo wake, yaani maandishi ambayo fundi huyarekebisha, pamoja na aliyoyaongeza. Au atupe ahadi ya maandishi ya kuutoa, idumuyo angalau miaka 3. Wala hawezi kutukataza kuigawia zahanati jirani.

Hapa tuwe macho. Programu ikibaki kwenye kompyuta yake, nasi tukaifikia kwa intaneti tu, hajatukabidhi nakala. Wajibu huo haumbani. Na si leseni zote ni kali hivyo: DHIS2, itumiwayo na Wizara ya Afya, ina leseni ya BSD, inayomruhusu mtu kuyafunga marekebisho yake na kuyauza.

Kwa hiyo mkataba useme wazi: programu iwekwe hospitalini, na msimbo ukabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho. Fundi akihamia Mwanza, mwingine aendelee na kazi, mafaili ya wagonjwa yakiwa mikononi mwetu.