Kivuli cha Mwezi Gani?

Leo natutoke kidogo, twende nyuma ya nyumba, bustanini.

Nilipokuwa nikihudumu karibu na Homa Bay, mwezi wa Machi nilipanda miche ya nyanya upande wa kusini wa nyumba, karibu kabisa na ukuta. Nilikuwa nimetazama jua kwanza. Lilipita utosini, na mahali pote palikuwa peupe. Nyanya zile ndizo zilikuwa karo ya binti yetu. Basi zikarefuka, zikawa nyembamba kama mtu aliyetoka hospitali, na maua yakapukutika. Nikalaumu mbegu. Nikalaumu na udongo mweusi wa huko, ambao kwa kweli una makosa yake, lakini si hilo.

Nikaenda Migori kumzuru mama mmoja mzee, mkulima. Nilipomweleza aliuliza tu, "Pasta, ulipima kivuli cha mwezi gani?"

Ndugu zangu, sisi tu karibu sana na Ikweta. Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa juu ya kichwa. Juni huwa upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Kwa hiyo ukuta wa mita 3 uliolala mashariki hadi magharibi, mwezi wa Juni hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1 upande wa kusini, karibu mchana kutwa. Papo hapo ndipo zilipokuwa nyanya zangu. Nabii Yona alifurahia kivuli cha mtango, nyanya hazifurahii.

Mama yule alichomeka vijiti, kila hatua kimoja, akavitazama saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Palipopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi alipanda mahindi, njugu na nyanya. Mashariki ya mwembe, penye jua la asubuhi tu, aliweka sukuma wiki na dania, kwa kuwa kivuli cha alasiri huzipunguzia kunyauka wakati wa kiangazi. Penye kivuli zaidi na unyevu, nduma. Na hesabu hiyo huirudia Juni na Desemba.

Karo ya muhula ule tuliikopa. Msimu uliofuata nilisogeza nyanya hatua nne kutoka ukutani, na pale zilipokuwa, panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, nikapanda nduma. Vijiti alichomeka binti yetu mwenyewe.