Zamu ya Nani? Kura ya Mwanamke na Kura ya Mtu Mweusi Marekani



Tumeombwa tuzungumze juu ya swali ambalo huzuka katika kila harakati ya ukombozi pindi ushindi unapokaribia: nani atangulie mlangoni? Tutalitazama kule Marekani, ambako watu waliopigana bega kwa bega waligombana hadharani kwa sababu ya sentensi moja ya katiba.

Mwaka 1848, katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York, wanawake walikutana kanisani kudai haki zao. Elizabeth Cady Stanton alipopendekeza wadai na kura pia, hata baadhi ya wenzake waliona amevuka mpaka. Aliyesimama kumtetea ni Frederick Douglass, mtu mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani mwaka 1838. Pendekezo likapita.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukapigwa marufuku. Wanawake waliokuwa wamekusanya sahihi kwa maelfu dhidi ya utumwa walitarajia kwamba kura ingekuja kwa wote. Wendell Phillips, kiongozi wa wapinga utumwa na mwanasheria mwenzetu, akawaambia saa ile ilikuwa ya Mweusi, wao wangoje. Kisha Rekebisho la 14 la Katiba, mwaka 1868, likatia humo neno "wanaume" pale lilipotaja wapiga kura. Halikuwamo kabla. Stanton alikuwa ameonya kwamba likiingia, kulitoa kutachukua karne nzima.

Rekebisho la 15, lililoidhinishwa mwaka 1870, lilikataza raia kunyimwa kura kwa sababu ya rangi, asili au kuwahi kuwa mtumwa. Jinsia haikutajwa. Mei 1869, mjini New York, chama kilichoundwa mwaka 1866 kuyatetea makundi yote mawili kilisambaratika kwa ajili hiyo. Douglass alisema kwamba siku wanawake watakapoburutwa kutoka majumbani mwao na kutundikwa kwenye nguzo za taa kwa kuwa ni wanawake, ndipo haja yao itakapokuwa ya dharura kama ya watu wake. Hakuwa akitia chumvi: Mei 1866 huko Memphis watu weusi 46 waliuawa katika siku chache tu. Sauti ikamwuliza ukumbini, je, mwanamke mweusi hayampati hayo? Akajibu kwamba yanampata, ila kwa sababu ni mweusi, si kwa sababu ni mwanamke.

Kwa maoni yetu, Douglass alisema kweli juu ya hatari, lakini jibu lake hilo la mwisho halikutosha. Stanton naye alisema kweli juu ya lile neno, kisha akaiharibu kesi yake mwenyewe. Alipokea fedha za George Francis Train, tajiri aliyewadharau Weusi waziwazi, na akaandika kwa kejeli juu ya wanaume weusi na wahamiaji maskini kwamba hawafai kumtungia sheria binti wa watu waliostaarabika. Hapo hatuwezi kumtetea.

Tunayependa kumsikiliza zaidi ni Frances Ellen Watkins Harper, mwalimu na mshairi mweusi. Mwaka 1866, mbele ya mkutano wa wanawake, alisimulia jinsi mumewe alivyofariki akiwa na deni, na jinsi msimamizi wa mirathi alivyobeba hata vyombo vya maziwa alivyotafutia riziki, akamwachia kioo cha kujitazamia. Angalikufa yeye, mumewe asingaliguswa. Kina mama wajane mlioko hapa hamhitaji tafsiri. Katika hotuba iyo hiyo akawakumbusha wanawake weupe jinsi alivyosumbuliwa ndani ya magari ya abiria kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1869 aliliunga mkono Rekebisho la 15, asiache kudai kura ya wanawake.

Farakano lile liliacha kovu. Machi 1913, wanawake walipoandamana Washington, Ida B. Wells aliambiwa atembee nyuma pamoja na weusi wenzake. Akangoja pembeni, kisha akaingia katikati ya wajumbe wa jimbo lake la Illinois.

Mwaka 1920 likaja Rekebisho la 19. Lisomeni kwa makini: ni sentensi ile ile ya Rekebisho la 15, ila sasa sababu iliyokatazwa ni jinsia. Hakuna lolote kati ya hayo mawili linalotamka kwamba raia ana haki ya kupiga kura; yanataja tu sababu zisizoruhusiwa za kumnyima. Wanasheria wa Mississippi waliliona pengo hilo mapema. Katiba yao ya mwaka 1890 iliweka kodi ya kura ya dola 2, na sharti la kusoma au kueleza kifungu cha katiba mbele ya karani. Rangi haikutajwa popote katika masharti hayo. Basi mwanamke mweusi wa Kusini alipofika mlangoni mwaka 1920, aliukuta kufuli lile lile lililomfungia mumewe.

Nasi tusijione mbali. Katika Kenya ya mkoloni, wanawake Wazungu walipata kura mwaka 1919. Waafrika, wake kwa waume, wakangoja hadi Machi 1957 kuchagua wajumbe wao wa kwanza, tena kwa masharti ya elimu na mali. Na katiba yetu ya mwaka 2010 iliposema jinsia moja isizidi thuluthi mbili, Bunge lilikawia kutunga sheria hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Kina mama waliambiwa wangoje.

Turudi Mississippi. Mwaka 1962, katika mkutano kanisani mjini Ruleville, Fannie Lou Hamer, mchuma pamba wa miaka 44, alisikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu mweusi anaweza kujiandikisha kupiga kura. Agosti alikwenda; akaanguka mtihani wa karani, na siku iyo hiyo akafukuzwa katika shamba alikofanya kazi miaka 18. Januari 1963 alifaulu kujiandikisha. Alipokwenda kupiga kura, akaulizwa ziko wapi stakabadhi mbili za kodi.