Ususi Ni Kazi

Wapenzi wazee na walimu wa Machochwe, msidhani ususi ni mchezo wa wasichana. Ni ufundi wa kufundishwa, kama useremala. Baadhi ya dawa za kulainisha nywele zina kostiki, ile ile ipikiwayo sabuni. Mkono usiofunzwa huunguza kichwa cha mtu. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, yafundisha kazi hii.

Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini Desemba zetu mwazijua. Binti akimbiliaye nyumba salama ya Mugumu, akirudi kwao bila kazi ya mikono, ni rahisi kuozwa. Mzee auzaye ng'ombe mmoja kwa ada ya mafunzo asihesabu kuwa amepoteza mahari. Walimu, yaandikeni majina yao mapema.