Duka Lililofungwa Saa Saba Mchana: Saa, Umakini na Mfanyabiashara Mdogo

 Ninyi wafanyabiashara mliofunga biashara zenu jioni hii mje kunisikiliza ndio niliowaandalia mhadhara huu.

Miaka mitatu iliyopita nilialikwa kwenye semina ya wajasiriamali. Mtoa mada mkuu, mtu mwenye sauti nzuri na mifano mingi, aliwataka wote wanaolala pungufu ya saa tano kwa usiku mmoja wanyooshe mikono. Mikono ikanyooshwa, ukumbi ukapiga makofi. Pembeni yangu alikaa mama lishe. Alinyoosha mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akawa anafikicha macho. Naye akapigiwa makofi. Makofi yale hayajanitoka masikioni, na leo nataka kuyajibu.

Hoja ya mtoa mada ilikuwa hivi: mfanyabiashara mdogo hana mtaji, hana jina, hana wa kumshika mkono. Alicho nacho ni saa zake. Aziongeze, na kipato kitaongezeka. Akafunga kwa methali: mchumia juani hulia kivulini.

Nianze na methali hiyo, maana imeonewa vya kutosha. Inataja jua na kivuli kwa pumzi moja. Mchumaji wake ana mahali pa kulia, na anafika. Mkulima yeyote wa pwani anayelijua jembe hutoka shambani jua likifika utosini, akarudi likishapunga. Kwake kivuli ni cha leo, kipo hatua ishirini kutoka tutani. Kwenye semina zetu kivuli kimesogezwa hadi uzeeni, kikawa ahadi ya nyumba ya ghorofa na gari. Mama lishe yule anachuma juani na kulia humo humo juani, kisha anaambiwa methali iko upande wake. Haiko.

Mtoa mada alilitaja pia Azimio la Arusha, kana kwamba waraka ule wa 1967 uliamuru watu wasilale. Ni kweli Azimio linadai kazi, tena kwa ukali. Linawasema waziwazi wanaume wa vijijini wanaowaachia wanawake mzigo wote. Lakini linaweka juhudi na maarifa bega kwa bega, na maarifa linayoyataja ni ya kushikika: jembe kubwa badala ya dogo, mbolea, kujua wakati wa kupanda na wakati wa kupalilia. Anayeisoma juhudi akayaruka maarifa amesoma nusu ya sentensi.

Historia ya kupima utu wa mtu kwa saa zake za kazi mnaijua: makala ya mwanahistoria E. P. Thompson ya 1967, kitabu cha Frederick Cooper cha 1987 kuhusu bandari ya Mombasa, na mengine yaliyofuata. Sitawarudisha darasani. Niseme neno moja tu kuhusu Mombasa. Mpagazi wa bandarini alifanya kazi siku alizoona zinamtosha, siku nyingine akashughulika na yake, na maofisa wa kikoloni wakaona huo ni uvivu wa kutibiwa. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulipotikisa mji, hamu yao ya kumfunga kwenye ajira ya kila siku ilizidi. Ninapomsikia Mswahili mwenzangu akiwapima wachuuzi kwa saa walizokesha, nasikia mwangwi wa ofisi zile.

Ushahidi wa viwandani kwamba kuongeza saa si kuongeza kazi nao ni wa zamani, naupita haraka. Mwaka 1900, kwenye kiwanda cha Zeiss kule Jena, Ernst Abbe, aliyekiongoza, alipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8, na kazi iliyotoka kwa siku haikupungua. Mwanauchumi John Pencavel, katika makala yake ya 2014, alizirudia kumbukumbu za wafanyakazi waliotengeneza silaha Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Akaona kwamba aliyefanya kazi saa 70 kwa wiki hakuzalisha zaidi, au alizalisha zaidi kidogo tu, kuliko aliyefanya saa 56. Saa 14 za ziada, wiki baada ya wiki, na karibu hakuna cha kuonyesha.

Hapa mtoa mada angenikatiza, na angekuwa na haki. Angesema: Profesa, duka si kiwanda. Mwenye duka analipwa kwa kuwepo. Mtu anayetaka kiberiti saa 4 usiku atakwenda kwa aliye wazi. Hoja hii ni nzito, na nimeishi nayo kwa muda mrefu. Biashara ndogo nyingi kweli huuza kuwepo kwake, na mwuza chipsi akifunga saa 12 jioni amefunga kabla wateja wake hawajaona njaa.

Lakini tazameni anachokichanganya. Duka kuwa wazi ni jambo moja. Mtu mmoja kuwa macho ndani yake ni jambo jingine. Duka linaweza kuwa wazi saa 16 kwa zamu ya watu wawili. Linaweza kuwa wazi asubuhi na jioni, wateja wanapokuja, likafungwa mchana wakati barabara ni tupu. Mtu mmoja anayekaa saa 16 kwenye kiti kimoja ana saa chache tu za akili timamu ndani yake, na mbaya zaidi, hachagui ziangukie wapi. Anaweza kuzimaliza zote akipangua soda kwenye friji, halafu mwenye gari la jumla akamkuta amechoka na kumwuzia katoni kumi za bidhaa isiyotoka.

Naomba sasa mnivumilie, maana nafika kwenye utafiti nilioupenda kuliko wote katika fani yetu, na nitakaa nao. Uliandikwa na Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, ukachapishwa mwaka 2014, na unahusu wafanyabiashara wadogo wa Kenya. Unahusu chenji.

Mnalijua tukio lenyewe. Mteja anaingia, anaomba mkate, anatoa noti ya elfu moja. Mwenye duka anafungua droo, anaikoroga sarafu kwa kidole, anasema, “Sina chenji.” Anamtuma mtoto kwa jirani. Jirani naye hana. Mteja anachukua noti yake na kwenda zake, au anapewa peremende mbili na ahadi ya kesho. Tukio halichukui dakika tatu, hakuna anayelikumbuka jioni. Watafiti hawa walilikumbuka. Walihesabu, na kukuta kwamba mfanyabiashara wa kawaida miongoni mwa hao alikuwa akipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yake yote kwa sababu tu hakuweka chenji ya kutosha.

Fikirini uzito wake. Asilimia 5 hadi 8 ya faida, kwa kosa ambalo dawa yake ni kutembelea jirani au wakala mapema asubuhi na noti mkononi. Haidai mkopo wala leseni. Haimdai mtu akeshe hata dakika moja.

Sehemu ya pili ndiyo inayonisisimua kila ninapoisoma. Watafiti hawakuwapa watu hawa mtaji. Kwa baadhi yao walichofanya ni kurudi kila wiki kuwauliza habari za chenji. Wengine waliwaambia wazi ni mauzo kiasi gani yanawaponyoka. Wafanyabiashara wakabadilika. Wakaanza kuweka chenji zaidi, na mauzo yaliyopotea yakapungua. Swali likawa na kazi ya mtaji. Watu hawa walikuwa wanaijua chenji siku zote, kwa kuwa waliishi nayo. Walichokosa ni nafasi ya kuitazama.

Wanauchumi wa meza ya mbele wataniambia kwamba siku hizi kuna M-Pesa na Lipa Namba, chenji si tatizo tena kama zamani. Sawa. Lakini ndugu za chenji bado wapo: sukari iliyoisha juzi na haijaagizwa, bei ya zamani kwenye bidhaa iliyonunuliwa kwa bei mpya, fedha ya ada iliyochotwa dukani bila kuandikwa. Yote haya yanataka umakini, na umakini una kikomo kwa siku.

Na niwe mkweli kwenu. Waandishi wa utafiti ule hawakupima uchovu wala hawakuhesabu saa za kulala. Kutoka kwenye chenji hadi kwenye usingizi ni hatua ninayoipiga mimi. Wenzangu wa takwimu wamenionya mara nyingi kwamba naipiga kwa kujiamini mno. Nimewasikiliza, nimerudi kwenye vitabu, na bado naamini hivi: desturi ya watu wa pwani kufunga duka baada ya adhuhuri na kulifungua jua likipoa, desturi mnayoiona Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, na ng'ambo kwenye soko la Matrah kule Muscat, ni mojawapo ya mbinu bora za biashara tulizorithi, na tunaitupa kwa sababu tumeambiwa ni uzembe.

Imani hiyo niliipata Tanga kabla sijajua kusoma makala. Baba alikuwa na duka Ngamiani. Alifungua saa 11 alfajiri, akafunga saa 5 usiku, siku zote saba. Mkabala naye alikuwepo mzee wa Kishihiri aliyeuza viungo na mafuta ya nazi. Ikiadhiniwa adhuhuri alishusha mbao zake, akarudi baada ya alasiri amevaa kanzu safi. Baba alimwambia siku moja, “Ami, wateja wako mchana wanakuja kwangu.” Mzee akamjibu, “Waje, mwanangu. Wakikukuta umelala juu ya kaunta watarudi kwangu.”

Kaunta buku ya madeni ya baba ninayo nyumbani hadi leo. Asubuhi mwandiko wake umesimama wima: jina, bidhaa, kiasi, bei. Kuanzia magharibi unaanza kulala. Kurasa za usiku zimejaa madeni ya watu wasio na majina. “Yule wa jana, unga.” “Mtoto wa nyumba ya bluu, mafuta.” Unga kiasi gani? Mtoto yupi? Nilipokuwa mkubwa niliyahesabu madeni ya namna hiyo katika kitabu kile kimoja: yalikuwa 41, na sioni alama ya kulipwa hata kwenye moja.

Kisha presha ikampata. Daktari alimwambia apumzike mchana, yeye akatikisa kichwa. Mama hakubishana naye, alichukua funguo. Mimi nikapewa kipande cha boksi na kalamu, nikaandika: TUMEFUNGA. TUNARUDI SAA 10. Wiki ya kwanza baba alilala kwenye mkeka chini ya mwembe macho yakiwa wazi, akiangalia mlango wa duka lake. Mtu akipita mbele ya duka, baba aliinuka akakaa. Wiki ya pili aliacha kukaa. Wiki ya tatu tulisikia anakoroma, na mama akatukataza kucheza karibu.

Ukurasa wa usiku wa wiki ile upo. Mwandiko umesimama wima: “Mwalimu wa chuoni, sembe kilo 2, mafuta ya taa nusu lita, kiberiti 1. Amelipa nusu, iliyobaki Ijumaa.” Chini yake, kwa wino mwingine: “Ijumaa, amemaliza.”