Tiba Iliyo Karibu na Tiba Ipatikanayo: Mada Juu ya Kiplombe



Nimetakiwa niseme juu ya kupatikana kwa tiba katika jamii zetu na ubora wake, na kwa kuwa tumekutana Eldoret, mji ambao wazee hawajaacha kuuita Sisibo kwa ajili ya nambari 64 ya lile shamba ulipoanzia, sikuona sababu ya kusafiri mbali kutafuta mifano ilhali Kiplombe i papa hapa mlangoni, nusu yake mashamba ya mahindi na nusu yake nyumba za kupanga.

Mgeni akiitazama ramani atasema watu wa Kiplombe wamebahatika. Mjini ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kwa vitanda 60 kwa ajili ya wagonjwa Waafrika, ikakua pamoja na mji, ikapata jirani yake chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 1998 ikapewa hadhi ya hospitali ya rufaa ya taifa. Fauka ya hayo, ni Kiplombe hiyo hiyo iliyokusudiwa kujengwa makao mapya ya hospitali hiyo, yenye vitanda vipatavyo 2,000. Nani basi atalalamika kuwa tiba iko mbali naye? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini fimbo ya Kiplombe haiko mbali, ila imetundikwa juu, mahali ambapo mkono wa mwenye shida haufiki.

Hospitali ya rufaa imewekwa kwa ajili ya maradhi mazito: saratani, upasuaji wa moyo, mgonjwa aliyeshindikana kwingine. Mtoto mwenye homa, mama mwenye ujauzito wa miezi mitano na mzee wa presha mahali pao ni zahanati. Na zahanati, aghalabu, hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, ilhali homa ya mtoto haina desturi ya kungoja macheo. Hapo ndipo mzazi huamka saa nane za usiku, akatafuta bodaboda katika njia iliyolainishwa na mvua, akatoa nauli aliyoiweka kwa ajili ya unga, akafika katika hospitali kubwa na kukuta mamia ya wenziwe waliokimbilia huko kwa sababu ile ile. Hivyo hospitali hulemewa na kazi isiyo yake, na yule aliyehitaji tabibu bingwa hukaa katika foleni moja na yule aliyehitaji dawa ya minyoo.

Nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Nilipata idhini ya kufuatana na mama mmoja mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban laki moja waliokabidhiwa mikoba yao tarehe 25 Septemba 2023, kila mmoja akipewa nyumba zipatazo 100 za kuzizungukia. Tuliingia kwa bibi mmoja mjane. Mhamasishaji hakuanza na mashine. Alianza na salamu, akauliza habari za kuku, akauliza habari za mjukuu, kisha akamwomba bibi akae atulie, akamvisha mkono ile kanda na kungoja. Presha ilikuwa juu. Alipoulizwa kama anameza dawa, bibi alikwenda chumbani akarudi na fundo la leso, akalifungua polepole mbele yetu: ndani mlikuwa na vidonge vilivyokatwa kwa kisu, nusu nusu, maana alipoambiwa zahanati kwamba dawa zimekwisha, na duka la dawa likamtajia bei asiyoiweza, aliona afadhali alivyo navyo vimfae kwa muda mrefu zaidi. Mhamasishaji akaandika katika simu yake, akamwandikia bibi rufaa ya kwenda zahanati, ile ile ambayo dawa zilikuwa zimekwisha.

Nimelifikiri fundo lile mara nyingi. Kila kitu kilikuwa kimekamilika isipokuwa kidonge.

Wala mtu asiseme kwamba kazi ya nyumba kwa nyumba ni ndoto, maadamu sehemu hizi zimekwisha kuionyesha dunia. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ushirikiano wa hospitali ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakati ukimwi ulipokuwa ukijaza wodi kwa watu wa kufa tu, haukutosheka kungoja wagonjwa hospitalini. Ulituma watu wabishe hodi majumbani, Turbo jirani yetu ikiwa miongoni mwa sehemu hizo, wakipima na kunasihi. Kadhalika watabibu wale waligundua kwamba dawa kali katika tumbo tupu haizai siha, wakalima mashamba ili mgonjwa aondoke na dawa mkono mmoja na chakula mkono wa pili.

Juu ya fedha sitarefusha maneno. Serikali ilifuta ada ya matibabu mwaka 1965, ikairudisha mwaka 1989, ikaipunguza mwaka 2004 hata ikawa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, ikaifuta tena huko mwaka 2013. Na tangu Oktoba 2024 tumo katika bima mpya ya afya ya jamii, ambayo mchuuzi wa mboga, anayepata riziki yake siku kwa siku, hutakiwa ailipie mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa maoni yangu hilo halina insafu. Na hata pale penye huduma ya bure, bure ya rafu tupu haimponyi mtu.

Limebaki jambo la staha. Mgonjwa huyapima matibabu kwanza kwa namna alivyopokelewa, na mama aliyeulizwa kwa sauti kubwa mbele ya watu habari za maradhi yake ya siri hatarudi, hata dawa zikijaa. Sisemi haya kuwatia wauguzi taksiri: muuguzi aliye peke yake, mwenye kuchanja watoto, kuzalisha, kugawa dawa na kujaza daftari siku hiyo hiyo, atautoa wapi ulimi mtamu saa tisa za alasiri? Ubora huanza kwa kumwongezea mwenzake.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na ikakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo nawaomba nyinyi wakubwa wa kaunti na wa wizara mliomo humu: hospitali ya vitanda 2,000 na ijengwe, nasi tutaishangilia; lakini kabla haijapanda ghorofa ya kwanza, wekeni muuguzi wa usiku katika zahanati za Kiplombe, na kila mwezi bandikeni mlangoni orodha ya dawa zilizopo na zilizokwisha, ili yule bibi asifunge safari ya bure.