Kikundi Kidogo na Tamko la Madhumuni Yake



Chukueni mfano wa mafundi seremala watano wanaokodi kibanda kule Keko, Dar es Salaam, wakachanga fedha za randa, misumeno na mbao. Jambo la kwanza wanalolifikiria ni jina la kikundi na mhuri wake. Madhumuni huandikwa mwishoni, tena haraka haraka, kwa sababu fomu imeyadai. Ndipo huzaliwa yale maneno ya "kutoa huduma bora kwa wateja wote na kuinua uchumi wa wanachama". Muuza samaki na mwenye daladala wanaweza kuyaazima maneno hayo bila kubadili hata nukta.

Hasara yake haionekani siku ya kujiandikisha. Huonekana siku kikundi kinapopata faida ya kwanza. Huyu anataka pikipiki ya kukodisha, yule anataka duka la vinywaji, na wa tatu anakumbusha kwamba mashine ya kuranda haijanunuliwa. Wote wakifungua karatasi yao watakuta wana haki, maana pikipiki na vinywaji navyo huinua uchumi. Hapo huamua mwenye sauti kubwa, na wanyonge hupoteza michango yao.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kazi yake ilieleweka hata kwa mkulima asiyejua kusoma: kukusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa pamoja. Kwa hiyo mkulima alikuwa na swali la kumbana nalo kiongozi: kahawa imeuzwa kwa bei gani? Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, mamlaka za mazao zilibebeshwa kununua, kusindika, kusafirisha na hata kusimamia kilimo chenyewe. Sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika. Sababu za kuyumba kwa mamlaka hizo ni nyingi, lakini wingi wa majukumu si sababu ndogo.

Tamko la kufaa hutaja kazi, hutaja anayefanyiwa kazi hiyo, na husema faida itakwenda wapi. Mafundi wale wangeweza kuandika: "Tunatengeneza madawati imara kwa shule za Temeke, kwa bei ambayo kamati ya shule inaimudu, na kila mwaka theluthi ya faida inanunua zana." Sentensi hiyo inakataa pikipiki. Inakataa pia makochi ya harusi, ambayo pengine yana faida kubwa zaidi, na asiyekubali hilo ana nafasi ya kusema kabla hajatoa mchango wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo halikuishia kusifu usawa. Lilitaja waziwazi kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha.

Wapo wajuzi wanaouza matamko yaliyokwisha kuandikwa, tena kwa Kiingereza, na vikundi hulipia maneno ambayo mweka hazina wao hawezi kuyasoma. Fedha hizo zingetosha misumari. Tamko liandikwe kwa Kiswahili, lisomwe mkutanoni mbele ya wote, pamoja na kijana anayejifunza kazi, na kila mwanachama atie sahihi. Soko la madawati likija kukauka, mkutano huo huo ndio ulibadilishe, tarehe ikiandikwa.