Simu ya Langoni Yenye Kamera: Nani Atashika Ufunguo?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi mmoja wa zamani, ambaye ni fundi wa mitambo ya usalama, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. – Mhariri)



Mnafahamu kwamba chama chetu kimekusudia kuichangia shule simu za mlangoni zenye kamera, moja kwa ajili ya lango kuu na nyingine kwa milango ya mabweni. Kamati imeniomba nieleze jinsi vyombo hivi vinavyofungwa na kupangwa ili viwe vya usalama kweli. Nitafanya hivyo. Lakini nasema mapema kwamba mimi naunga mkono nusu tu ya azimio hilo, na sababu zangu mtazisikia huko mbele.

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Nje, ukutani kando ya lango, hukaa kisanduku chenye kitufe cha kengele, kamera, spika, maikrofoni, na mara nyingi vitufe vya namba au mahali pa kugusisha kadi. Ndani, ofisini au kwenye kibanda cha mlinzi, hukaa kioo cha kuonyesha picha ya mgeni. Mgeni akibonyeza, aliye ndani anamwona, wanasemezana, na akiridhika naye anabonyeza kitufe chake na kufuli ya umeme inaachia. Ni hodi ile ile ya wazee wetu, ila hodi ya wazee haikuwa na waya. Hii ina kebo ya mtandao inayobeba picha, sauti, na hata umeme wa kukiendesha chombo. Na kebo hiyo, fundi asipoangalia, huishia kwenye swichi ile ile inayounganisha kompyuta za ofisi, zenye alama za mitihani na hesabu za ada.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Tunachukua kompyuta ndogo, tunaitundika nje ya ukuta, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuishika usiku akiwa na bisibisi mkononi, kisha tunaiunganisha na waya unaoingia mpaka ofisini kwa Mkuu wa Shule. Kwa hiyo kisanduku cha nje hapana budi tukihesabu kuwa mgeni, ijapokuwa tumekinunua kwa fedha zetu wenyewe. Kisikabidhiwe ufunguo, wala kisiachwe kizurure ndani ya nyumba.

Nianze na ufunguo. Visanduku vingi vya bei nafuu vina swichi ya kuachia kufuli, ambayo sisi mafundi huiita rilei, humo humo ndani ya kisanduku cha nje. Nyaya mbili za kufuli zinakuja mpaka hapo, na rilei ikizigusanisha mlango unafunguka. Mwizi basi hahitaji neno la siri wala elimu ya kompyuta. Anafungua skrubu mbili, anabandua kisanduku, anagusanisha nyaya mbili, anaingia. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Dar es Salaam ambapo mwenye nyumba alishikilia kwamba simu yake imeingiliwa na wadukuzi, kwa kuwa geti lilifunguliwa usiku bila kuvunjwa. Hakukuwa na mdukuzi yeyote. Kisanduku kilikuwa kimening'inia kwa kebo yake, na ncha za nyaya mbili zilikuwa bado zimesokotwa pamoja.

Dawa yake inajulikana. Rilei ihamishiwe ndani, karibu na kufuli, na kisanduku cha nje kiwe kinatuma ombi tu, kwa ujumbe uliosimbwa, kwamba mlango ufunguliwe. Akikibandua, atashika kebo ya mtandao peke yake. Aidha, visanduku vizuri vina kiswichi kidogo mgongoni ambacho hupiga kengele mara chombo kinapotenganishwa na ukuta. Mafundi wengi hukizima wakati wa kufunga, kwa sababu kelele zake zinawasumbua, na wanaondoka bila kukirudisha. Mkiletewa fundi, mwambieni akibandue kisanduku mbele yenu msikie kama kinalia.

Sasa maneno ya siri. Chombo kikitoka kiwandani huja na jina na neno la siri ambalo limeandikwa katika kitabu cha maelekezo, na kitabu hicho kinasomwa na dunia nzima. Mwaka 2016 palitokea programu ovu iliyoitwa Mirai. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mtandaoni ikibisha hodi kwenye kamera, ruta na mashine za kurekodia video, ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo sitini tu. Kwa orodha fupi namna hiyo iliteka vyombo vilivyofikia laki sita hivi kwa wakati mmoja. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo la vyombo vilivyotekwa liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter, Netflix na huduma nyingine nyingi. Waliokiri mahakamani Desemba 2017 kwamba waliitunga Mirai walikuwa vijana watatu wa miaka 20 na 21. Nawaambia hili ninyi wa kidato cha tano na sita ili mjue kwamba kuweza kufanya jambo siyo sababu ya kulifanya.

Baada ya hapo California ilitunga sheria, iliyoanza kutumika 2020, na Uingereza nayo ikafuata tarehe 29 Aprili 2024, kukataza vyombo vya namna hii kuuzwa vikiwa na neno la siri moja kwa vyote. Ni sheria nzuri, lakini haiandamani na kila boksi linalofika Kariakoo. Hapa kwetu neno la siri linabadilishwa na fundi siku ya kwanza, kabla chombo hakijaunganishwa na intaneti, au halibadilishwi kabisa.

Vitufe vya namba navyo vina hesabu yake. Namba ya tarakimu nne ina michanganyo 10,000. Mtu akitumia sekunde tano kwa kila jaribio, anaimaliza yote kwa saa 14 hivi. Lakini chombo kikipangwa kijifunge kwa dakika tano kila baada ya makosa matano, kazi ile ile inakuwa ya zaidi ya wiki nzima, naye amesimama mbele ya kamera muda wote huo. Mpango huo upo katika vyombo vingi. Tatizo ni kwamba haujawashwa. Na jambo jingine: namba isipobadilishwa kwa miaka, vitufe vyake vinachakaa. Mtu akiona vitufe vinne vimefutika, michanganyo iliyobaki ni 24, na hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anaimaliza kabla ya chai. Wale mnaofungua mlango kwa simu kwa kubonyeza tarakimu wakati wa mazungumzo, nayo hiyo tarakimu ibadilishwe, kwa sababu ya kiwandani inajulikana.

Kadi sitazikalia sana. Zile za bei ya chini, zinazotumia mawimbi ya kilohezi 125, hutangaza namba yake kwa yeyote anayeuliza, na kuinakili ni kazi ya sekunde chache. Hata MIFARE Classic, iliyoaminiwa sana, siri yake ilifichuliwa mwaka 2008 na watafiti wa chuo kikuu cha Radboud, Uholanzi. Ukiambiwa kadi fulani ni ya usalama, uliza ni ya aina gani.

Nilisema kisanduku kisizurure ndani ya nyumba. Maana yake ni kwamba swichi ipangwe ili kebo ya lango iwe katika mtandao wake wa pekee, iweze kuzungumza na kioo cha mlinzi na mashine ya kurekodia, basi. Mtu akichomoa kebo hiyo na kuchomeka kompyuta yake, asikute kitu. Wengine huridhika kuiambia swichi ikubali namba ya utambulisho ya chombo hicho tu. Lakini namba hiyo mara nyingi imebandikwa nyuma ya chombo chenyewe, kwa hiyo mwenye bisibisi anaisoma. Afadhali swichi idai cheti cha siri kilichohifadhiwa ndani ya chombo. Huduma zisizotumika zizimwe, na picha isitazamwe na mtu yeyote bila neno la siri.

Ndugu zangu mlioko mbali mtapenda kulitazama lango la shule kutoka huko mliko. Nawaelewa. Lakini ile njia ya mkato, ya kufungua poti kwenye ruta ili kamera ionekane kutoka nje, mimi siifanyi. Tangu 2009 upo mtambo wa kutafutia uitwao Shodan, ambao hautafuti makala bali vyombo vilivyounganishwa na intaneti. Lango lenu litaorodheshwa humo bila kuombwa. Njia ya pili ni kupitia seva za kampuni iliyotengeneza chombo. Hiyo ni rahisi, ila picha zenu zinalala kwa mtu mwingine. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishitaki kampuni ya Ring, ikidai kwamba wafanyakazi wake waliachwa watazame video za faragha za wateja. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Kwa shule, ushauri wangu ni kurekodi hapa hapa, na anayetaka kutazama kutoka mbali apitie njia ya siri iliyosimbwa mpaka kwenye ruta yetu.

Saa ya chombo nayo isisahauliwe. Ikipoteza majira baada ya umeme kukatika, rekodi inaweza kusema ni tarehe 1 Januari 1970. Tena kamera ikiandika 02:00 na daftari la mlinzi likiandika saa nane usiku, wote wawili wamesema kweli, lakini nimewahi kuona watu wakibishana juu ya hilo asubuhi nzima.

Sasa nafika kwenye mabweni. Kufuli za umeme ziko za namna mbili kubwa. Ipo ya sumaku, ambayo inashika wakati umeme unapita, na umeme ukikatika inaachia. Ipo nyingine ambayo umeme ukikatika inabaki imefungwa. Kwa lango kuu nataka hiyo ya pili, pamoja na betri na ufunguo wa chuma kwa mlinzi, kwa sababu kukatika kwa umeme kusiwe ndiyo karibu ya wezi. Kwa mlango wa bweni sitaki hata moja. Juni 1994 moto uliua wasichana zaidi ya 40 wa Shauritanga, Rombo. Machi 2001 moto uliua wavulana 67 wa Kyanguli, huko Machakos, Kenya. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa bweni unatakiwa ufunguke kutoka ndani kwa mkono wa mtoto aliyeamka kwenye moshi, bila umeme, bila namba, bila kumngoja mtu abonyeze kitufe ofisini. Mkiniambia kwamba kufuli ya sumaku inaachia, nitawajibu kwamba inaachia endapo fundi aliipanga hivyo na endapo betri aliyoiongeza baadaye haijaishikilia. Mimi siwezi kuweka saini yangu hapo.

Najua hoja ya kamati ni utoro wa usiku. Sisi tuliolala humu tunafahamu vijana walipitia wapi, na haikuwa mlangoni.

Kadhalika kamera ya mlango wa bweni inarekodi watoto wakienda kuoga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu picha hizo pia. Hata langoni tuweke kibao kinachosema kuna kamera, picha zifutwe baada ya muda utakaokubaliwa, na kamera isielekezwe uani kwa jirani.

Limebaki swali la nani atashika maneno ya siri. Jina la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha na kufungiwa kwenye kasha la shule. Mlinzi apewe jina lake mwenyewe, linalomruhusu kutazama na kufungua, si kufuta rekodi. Chombo kisajiliwe kwa barua pepe ya shule, maana kikisajiliwa kwa ya fundi, machoni pa kampuni mwenye mali ni fundi, na akihama mji mtamtafuta. Nikimaliza kazi mimi, Mkuu wa Shule abadilishe neno la siri nikiwa nimegeuka. Wala mzee wetu wa langoni asiondolewe: kamera inaona sura, lakini yeye ndiye anayemjua mzazi wa nani ni nani.

Ndugu Mwenyekiti, fedha zilizotengwa kwa milango ya mabweni naomba ziende kwenye rilei ya ndani, swichi nzuri na betri za lango kuu, na naomba jambo hilo lipigiwe kura leo kabla mtu hajakwenda dukani. Vijana wa fizikia wanaotaka kukiona chombo kikiwa wazi, nimekuja nacho. Kipo mezani kwenye maabara, na bisibisi zipo.